Mbayuwayu Kwenye Barafu

Wanjiru wangu,

Huku Nyeri tu wazima. Mvua imeshika, na yule ndama uliyempa jina siku hizi anatukanyaga miguu sote. Mjomba wako amepaka nyumba rangi, ila amenuna kwa sababu nilimkataza kubomoa kiota cha mbayuwayu juu ya mlango. Uliniuliza kwenye simu kwa nini.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa bado mgeni kule Hyattsville, Marekani, nilimtunza mzee mmoja kipofu. Babu yake aliwahi kwenda na meli hadi bahari ya barafu, kazi yake kuchunguza viumbe wa huko. Kila alasiri nilimsomea mzee daftari la safari hiyo. Kila ukurasa ni ndege: huyu kampiga risasi, kampima mabawa, kamjaza pamba. Nilimchukia mtu yule, nakuambia kweli.

Siku moja nikafika alipoandika hivi: “Leo mbayuwayu aliyepotea ametua kwenye kamba za meli. Nyumbani wanajenga viota zizini kwa mama. Nilikuwa na bunduki mkononi. Sikumpiga. Ameelekea kusini.”

Nikaishia hapo. Wakati huo mama yako alikuwa na miaka mitatu, nimemwacha huku kwa mamangu. Mzee akasema, “Soma tena hapo.”

Basi kiota kitabaki, hata ukuta ukichafuka. Kitanda chako nacho, tangu uondoke Desemba, sijamruhusu mtu akilalie.

Shosho wako