Neno Nililompa Mtu wa Bima

Kapsoit,
14 Agosti 1974

Ndugu yangu Kebaso,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mahindi yamebeba vizuri, na mama ameacha kukohoa.

Ng'ombe wetu wawili wamekufa. Mvua ilisomba dawa ya magugu kutoka shamba kubwa la majani chai, ikaingia kijito chetu, nao wakanywa. Karani wa shamba alisema tusiwe na wasiwasi, kampuni ina bima.

Basi mtu wa bima akaja. Alisifu chai yangu, akaomba kikombe cha pili, kisha akauliza polepole, "Mama, siku hiyo maji yalikuwa namna gani?"

Nikasema kwa hasira, "Machafu!"

"Machafu kweli?"

"Machafu kabisa!"

Akaandika huku akitabasamu, nami nikatia sahihi. Tabasamu la nini, mbele ya mtu aliyefiwa na ng'ombe?

Jana barua yao ilifika. Bima hailipi hasara iliyoletwa na uchafu, na uchafu ni kitu chochote kinachochafua maji, "kama alivyoshuhudia Bi. Bosibori mwenyewe." Kebaso, kwenye mkebe wameandika dawa. Wanaponyunyiza wanaiita dawa. Ikifika kwangu tu, imekuwa uchafu!

Ijumaa mtu wa bima anarudi, ati kunijulia hali. Hali gani anayoitafuta? Mimi pia nilikunywa maji yale, na mimba ina miezi mitano. Mtoto hajacheza tumboni tangu Jumapili. Sijamwambia mtu mwingine, maana najua wataniuliza maji yalikuwa namna gani.

Dada yako,
Bosibori