Ukurasa Ambao Ndanu Hataki Kufungua

Rafiki yangu Mumbua,

Ndanu amekikalia kitabu. Sasa hivi tu. Alikuwa ameketi hapa mlangoni, amekilaza kwa mapaja, anafungua karatasi moja moja na kile kidole chake cha kulowesha mate ulichomkataza kila siku, huku akihesabu kuku kwa sauti. Akafika pale nyanya wa kwenye picha amelala kwa mkeka. Akaacha kuhesabu. Nikamwona akimwangalia yule nyanya, akaniangalia mimi, halafu akafunga kitabu polepole, akakiweka chini na kukikalia. Nikamuuliza, "Ndanu, mbona?" Akasema, "Nimemfunika."

Nimetoka hapo nikaja jikoni nisilie mbele yake. Kutoka hapa namwona mgongo. Bado amekaa vilevile, mikono kwa magoti, kama mtu analinda kitu.

Mumbua, naogopa. Nakuandikia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia hii maneno akaielewa. Baba Ndanu nikimpigia simu huko kazini ananiambia ni utoto, utaisha. Lakini tangu tukuzike hajafungua kitabu chochote mpaka mwisho, mtoto ambaye alikuwa analala na kitabu kwapani kama mkate. Na kesho asubuhi ni mimi natakiwa kuwasomea darasa lako lote hicho kitabu amekikalia.

Wacha nikueleze vile mambo yalikuja, maana wewe hukuona.

Siku ya mazishi shule ilileta watoto wako wa nasari wakiwa na sare, wapite kwa jeneza wakuage. Ndivyo hufanywa mwalimu akifa, na hakuna mtu alifikiria vingine, hata mimi nilimpigia Ndanu pasi ile sweta. Wakapanga laini. Wale wa darasa la sita wakawa wanawainua wadogo mmoja mmoja waone kwa kile kioo cha jeneza. Ndanu akainuliwa. Ulikuwa na ile nguo yako ya zambarau, macho umefunga, mikono kifuani. Aliporudishwa chini alikuja akanishika sketi, akasema kitu kimoja tu: "Mwalimu hakuniona."

Kutoka hiyo siku hataki macho yaliyofungwa. Nikitoka shamba nijinyooshe kidogo mchana, anakuja na kile kidole ananifungua jicho. "Mama, uko?" Namjibu niko. Anaenda. Sijafika mbali na usingizi, kidole hiki hapa tena.

Na vitabu ndivyo vilianza kumtisha. Nikimletea kimoja anauliza kwanza, "Kuna mtu amelala ndani?" Nikawa naviangalia mwenyewe kabla ya kumpa, na ndipo nikajua kitu sikuwahi kukiona. Vitabu vya watoto karibu vyote vinaisha mtu akilala. Mwana-kondoo analala. Mtoto analala. Hata jua linalazwa na blanketi. Ni kama wanaoviandika wote walikuwa wamechoka na watoto wao. Ungekuwepo ungecheka sana hapo. Mimi sikucheka. Nilikuwa navifungua kutoka nyuma kama mtu anatafuta nyoka kwa kuni.

Halafu kukaitwa mkutano wa wazazi. Ile kona yako ya vitabu, pale uliponyoosha kamba ya katani ukavipachika kama nguo, mbuzi waliingia likizo wakala vya chini, na vya juu vikaliwa na mchwa. Wazazi wakachanga. Wakasema mtu aende Kitui anunue vingine, na mmoja akasema si Mama Ndanu alikuwa rafiki ya marehemu, yeye ndiye anajua vile alikuwa anachagua. Wote wakageuka wakaniangalia. Mumbua, mimi niliishia darasa la nane. Mimi nikisoma naweka kidole chini ya maneno mpaka leo. Nilitaka kukataa na mdomo ukakataa kukataa.

Mwenyekiti akaniagiza nilete vya maswali, vile vyenye mitihani na majibu nyuma, ati mtoto ajue mtihani mapema asishtuke mbele. Na wazazi wengi wakaitikia. Nikakumbuka siku mimi mwenyewe nilimnunulia Ndanu hivyo vya maswali sokoni, nikakuonyesha nikijivunia. Ulikishika na vidole viwili kama soksi chafu. "Mama Ndanu, huyu hata kamasi hajui kupangusa, wewe unampa mtihani?" Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Lakini baadaye uliniambia polepole, tukichambua mbaazi, kwamba mtoto mdogo akipewa kitabu kinachomuuliza tu, atajua kitabu ni kitu cha kumkosoa, na akishajua hivyo, kumrudisha ni kazi.

Kwa hivyo nilienda Kitui nikikusikia wewe kwa sikio moja na mwenyekiti kwa lingine.

Kwa duka la vitabu kuna mama anaitwa Halima, watu wake ni wa upande wa Garissa. Nikamwambia nataka vya watoto wadogo, akanipa katoni mbili nichague. Nikakaa chini. Nikafanya vile ulikuwa unafanya, nikasoma kila kimoja kwa sauti, kidole chini ya maneno. Watu wanaingia, wanatoka, wananiangalia. Halima akasema, "Dada, unanunua ama unasoma bure?" Nikamwambia mtu alinifunza usinunue kitabu mdomo haujakionja. Akacheka, akanisukumia katoni tupu nikalie.

Nilikuwa nakumbuka maneno yako moja moja. Herufi kubwa, maneno machache kwa kila karatasi. Picha iwe ya kitu mtoto anaweza kukionyesha hapo nje. Neno lirudi mara kwa mara, ili hata asiyejua kusoma alimalizie mwenyewe na ajione ameshasoma. Kiwe na kitu cha kuhesabu au kuuliza bila yeye kujua anafunzwa. Na zaidi ya yote, kama wewe mkubwa umekichoka mara ya kwanza, yeye hawezi kukiomba mara ya kumi.

Kimoja kilikuwa kizuri sana kwa rangi, lakini mtoto wa ndani anacheza na kitu cheupe kimemfika magotini, ardhi yote nyeupe, miti nyeupe. Nikawaza wetu wakikiona watauliza huo unga wote ni wa nani na kwa nini unakanyagwa. Nikakirudisha.

Halafu nikapata hicho cha nyanya na kuku. Nyanya anaanika mtama kwa mkeka. Jua kali, anajilaza kando yake kidogo. Kuku mmoja anakuja, kwa-kwa-kwa, anadonoa. Wanakuja wawili. Watatu. Kila karatasi kuku wanaongezeka na mtama unapungua, na kila mara maneno ni yale yale, "Nyanya hajui." Mumbua, nilicheka peke yangu pale chini kama mwenda wazimu. Kila mtu wa kwetu ameshafukuza kuku kwa mtama. Nikasema hiki ndicho. Nikafungua karatasi ya katikati, na hapo yuko amejaza ukurasa mzima, amelala chali, macho amefunga, mikono kifuani.

Mikono kifuani. Nikaona nguo ya zambarau.

Nikafunga. Nikakirudisha kwa katoni. Nikakitoa. Nikakirudisha. Karatasi inayofuata nilikuwa nimeshaiona, nyanya amefungua jicho moja na kuku wote wamesimama na mtama mdomoni, hiyo ndiyo picha ya kuchekesha kuliko zote. Lakini kufika huko lazima mtoto apite hapa.

Halima akaniuliza, "Hicho kimekukosea nini?" Sijui kwa nini nilimwambia, mtu simjui. Nilimwambia yote, ya jeneza, ya kioo, ya kidole kwa jicho. Aliendelea kufunga vitabu vya mtu mwingine kwa karatasi. Kisha akasema mume wake alikuwa dereva wa lori, alifia njiani, na kijana wao alikuwa na umri wa Ndanu. "Mimi nilimwambia baba amesafiri. Niliona nimemwonea huruma. Mpaka leo akisikia lori anakimbia barabarani." Mimi mwenyewe nikakitoa tena, nikakiweka juu ya vile nilikuwa nanunua.

Nikafika nyumbani nimejipa moyo, lakini moyo haukukaa. Mama mkwe alikuja kuona vile vitabu. Unamjua, yeye kwa kanisa ndiye anaongoza maombi ya wamama, na si mtu mbaya. Alipofika kwa ile picha ya nyanya amelala akavua miwani. Akasema, "Toa hiyo karatasi. Watoto wamemzika mwalimu wao juzi, na wewe unawaletea maiti nyingine?" Nikamwambia si maiti, anaamka. Akasema mtoto anayelia hangojei karatasi ya pili.

Na hapo, Mumbua, akili yangu ilikubaliana naye. Nikapika gundi ya unga wa ngano, ile tulikuwa tunapika shuleni tukifunika madaftari. Nilifikiria nigandishe zile karatasi mbili, basi, nyanya atakuwa hakulala kamwe, kuku watakuja tu na kufukuzwa. Nikapaka kidole. Kilikuwa juu ya karatasi hivi. Nikakumbuka ulivyonipiga mkono siku moja nikimharakishia Ndanu ukurasa kwa sababu sufuria ilikuwa inaungua. Ulisema, "Wacha afungue mwenyewe. Akifungua yeye, hadithi ni yake." Ulikasirika kweli, wewe ambaye hukasiriki. Sufuria ikaungua.

Nilinawa kidole. Ile gundi nikawapa kuku.

Lakini sijui kama nilifanya vizuri, na hiyo ndiyo inanila. Labda huruma ilikuwa kugandisha. Leo nimempa kwanza yeye, nione, kabla ya wengine kesho. Na nimeshakwambia alichofanya. Huyo ni mmoja. Kesho ni darasa zima, wote waliinuliwa kwa kioo, wote walikuona. Mwalimu mpya, kijana wa Nunguni, mpole hata anawaogopa hao watoto wako, ndiye ameniomba nisome mimi, ati mimi wamenizoea. Ninajiona nimekaa pale kwa kiti chako kidogo, magoti yamefika kidevuni, nafika ukurasa huo na mmoja anaanza kulia, na wa pili, na nje wazazi wanasikia. Watasema Mama Ndanu hakusoma, hata kuchagua kitabu cha mtoto ameshindwa. Hayo nitavumilia. Nisichoweza ni Ndanu kulia wa kwanza na kutorudi tena kwa kitabu. Wewe uliniambia huyu atafika mahali sisi hatukufika. Nilikuamini. Hakuna mwingine ameniambia kitu kama hicho.

Tena wacha niseme ukweli wote. Hata mimi sitaki kufika huo ukurasa. Nikisoma usiku peke yangu nafunga kitabu hapo. Sijakulilia vizuri, Mumbua. Nilikuwa nashughulika na chai ya wageni.

Unakumbuka Kathonzweni, tukienda kuchota mtoni, mchanga mkavu, tunachimba kisima na kungoja maji yatoke tone tone? Ulikuwa unabeba vipande vya gazeti vya kufungia sukari. Unanisomea. Ikikatika katikati kwa sababu karatasi ilichanika, nilikuwa naudhika, nakwambia tunga basi mwisho. Wewe ulikataa kutunga. Ulisema tutapata kipande kingine. Hatukukipata, lakini nilikuwa nangoja, na kungoja huko ndiko kulinifanya nipende kusoma, mimi mtu wa darasa la nane. Sasa nashangaa kwa nini sikuwa naogopa vile ilivyokatika. Nadhani ni kwa sababu ulikuwa umekaa karibu, bega lako limegusa langu.

Labda ni hivyo tu. Labda kesho nisikae kwa kiti. Nikae kwa mkeka katikati yao, Ndanu hapa ubavuni, na huo ukurasa nisiufungue mimi. Nimngoje mmoja wao aufungue. Na kama hakuna, tungoje pamoja.

Bado namwona mgongo. Ameinama kidogo.

Kila mtu alikuandikia lala salama kwa yale maua. Mimi siwezi kukuandikia hivyo, kalamu inakataa. Nitasema tu kwaheri, mwalimu wa mtoto wangu, dada yangu wa mtoni. Asante kwa kila siku uliyomfuta kamasi na kumpa kitabu kwa mkono ule ule. Wazazi wako nawaona nikienda Kathonzweni, mbaazi zao zimeanza kutoa maua.

Na nakuahidi, Mumbua. Sitang'oa karatasi, sitagandisha. Nitasoma mpaka mwisho hata nikilia. Ndanu akiniuliza kama wewe pia utafungua jicho, sitamwambia umesafiri. Nitamwambia hapana, mwalimu alikufa, nyanya amechoka tu na jua, na hao ni watu wawili tofauti. Nitamwambia nikiwa nimemshika. Na hivi vikichakaa nitarudi kwa Halima, nikae kwa katoni, nivisome kwa sauti wakinicheka, na nitachagua vile wewe

Ndanu ananiita. Ametoka mlangoni, simwoni. "Mama. Mama, kuja uone nyanya." Sijui kama hiyo ni sauti ya kulia ama ni ya