Rangi Tuliyoishangilia

Mabanga, Goma

Mama yangu,

Pokea salamu hizi ukiwa umeketi, na mdogo wangu Kahindo anayekusomea naye aketi, maana najua anapenda kusoma barua amesimama mlangoni ili majirani wamwone. Sisi huku tunaamka na kulala. Mume wangu Kambale mzima, mama yake mzima, mtoto wetu Paluku anakua. Magoti yako yanasemaje? Na kifua cha Papa, bado kinamsumbua mvua ikinyesha? Maharagwe mlivuna, au yameozea shambani tena?

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu moja. Kila tukiongea unaniambia, "Weka simu ku sikio ya mutoto, nimuimbie." Nami nakujibu kwamba mtandao mbaya, au amelala, au simu inazima. Nasikia umeanza kusema Goma imeniharibu, nimemnyima bibi mjukuu wake. Sivyo, Mama. Ni habari ya masikio ya Paluku, na kwenye simu nisingeifikisha mwisho, ungenikatiza kwa maombi. Mama mmoja wa parokia yetu anakuja Butembo kwa ile njia ndefu ya Uganda, kwa kuwa barabara yetu bado imefungwa, nimempa barua mkononi.

Paluku alizaliwa vizuri, akalia vizuri, tukaruhusiwa jioni ileile. Nyumbani mama mkwe alikuwa ameshatayarisha chumba cha nyuma, kama mnavyofanya ninyi wote: mtoto asitoke mpaka kitovu kianguke, asikutane na upepo wala jicho la mtu. Nyumba yetu ni ya mbao na dirisha la kule ni dogo, hata mchana tulikuwa tunamulika kwa simu. Siku ya pili tukaona rangi imebadilika. Alitoka tumboni mwekundu, sasa uso unang'aa manjano. Unajua tulifanya nini? Tulifurahi. Mama mkwe alipiga vigelegele. "Mutoto wetu ni brun," akasema, kama wanavyomwita huku mtu aliye maji ya kunde. "Amefata babu yake." Wanawake wa kwaya walikuja na sabuni na sukari, wakamsifu. Kambale alikutumia picha, nawe ukajibu kwamba mtoto mweupe namna hiyo hajaonekana kwetu tangu shangazi yako. Sikulaumu. Mimi mwenyewe nilijitazama kwenye kioo nikijiuliza uzuri ule ameutoa wapi.

Tena alikuwa mpole, halii. Ukimpa ziwa ananyonya kidogo, kisha usingizi unamchukua. Tukamsifia na hilo. Watoto wa Mabanga hulia mpaka mabati yanatetemeka, wetu ametulia kama padri anayesubiri wa kuungama. Mimi nilikuwa nimechoka, nikamshukuru Mungu, nikalala pamoja naye.

Aliyetushtua ni jirani yetu Mama Zuhura, wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema, anayeuza vitenge sokoni Birere. Alikuwa safarini, aliporudi akaja kumwona mtoto. Chumbani hakuona kitu kwa lile giza, akambeba kuelekea mlango. Mama mkwe akasimama mbele yake.

"Kitovu haiyaanguka. Mutoto hatoke inje."

"Sitoke naye, mama. Ninasimama hapa tu, nimuone ku mwangaza."

Akamfungua kope kwa kidole. Akabonyeza ngozi ya kifua, akaachia, na pale alipobonyeza palikuwa manjano. Akatazama nyayo. Kisha akanigeukia.

"Masika, hii haiko rangi ya mutu. Macho yote iko manjano, na miguu pia. Vaa, twende ku hospitali."

Mama mkwe akasema tumpe maji ya sukari, tumwanike kwenye jua la asubuhi, watoto wake wote alifanya hivyo na wakapona. Alikuwa anasema kweli. Kambale akasema tungoje kitovu, kimebaki kidogo tu. Tulikuwa bado tunabishana mtoto alipopinda shingo nyuma, mwili ukakakamaa, akatoa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto. Wa kwanza kutafuta viatu alikuwa mama mkwe.

Hospitalini walimtoa damu kisigino, wakarudi mbio. Daktari, mwanamke wa rika la Kahindo, alinieleza akiwa amesimama.

"Mama, kila mutoto anazaliwaka na damu ya mingi, na ile ya zamani inavunjika. Ikivunjika inaacha rangi ya manjano. Maini njo inaitosha inje ya mwili, lakini maini ya mutoto muchanga ingali na usingizi. Kwa watoto wa mingi inapitaka yenyewe, bora wanyonye sana. Ya huyu ilikuja mbio. Damu yako ni groupe O, yake ni A. Askari ya damu yako ilipita kwake ikaanza kuvunja damu yake."

"Ni juu ya mapapai? Nilikula mapapai ya mingi."

"Haiko mapapai, mama. Haiko dhambi na haiko ulozi."

Wakamlaza uchi, nepi tu, macho yamefunikwa kitambaa, chini ya taa za buluu. Waliniambia mwanga ule hulainisha rangi iliyo kwenye ngozi ili mtoto aitoe kwa mkojo na kinyesi, na kwamba jua letu haliwezi kazi hiyo, linamchoma tu au upepo unampiga. Maziwa nilikamua, akanyweshwa kwa kikombe, kwa sababu kunyonya alishindwa. Taa peke yake haikutosha. Ikabidi wambadilishe damu, wanatoa kidogo, wanaweka kidogo. Niliitazama damu ya mtoto wangu ikitoka, Mama, nikawa nawaza kama jiko nililiacha limezima. Kambale alilia mpaka wakamtoa nje. Mimi sikulia. Mpaka leo sijalia. Watu wanasema nina moyo wa nguvu. Siyo nguvu, ni kwamba sisikii chochote, namwogesha, namnyonyesha, namfunga mgongoni, naenda sokoni.

Rangi iliisha, akawa mweusi kama sisi, tukarudi nyumbani. Daktari alikuwa ameniambia tumrudishe kupimwa masikio akikua kidogo, maana rangi ile ikizidi huingia ubongoni, na mara nyingi huanza na masikio. Tulimrudisha. Wakamwekea vidude masikioni, mashine ikachora mistari, wakarudia tena siku nyingine ili wasikosee. Paluku hasikii, Mama. Masikio yote mawili. Shingo yake ni nzuri, anakaa, anashika vitu, miguu wanaendelea kuiangalia. Mama mkwe aliposikia alijifungia kwenye kile chumba cha nyuma, na alipotoka akang'oa mbao mbili za ukuta ili dirisha liwe kubwa. Kuna masista wanaofundisha lugha ya mikono. Kambale ameshaanza, vidole vyake vya fundi wa pikipiki havipindi vizuri, tunamcheka.

Kahindo, hapa usisome haraka, hapa ni kwako na tumbo lako. Uliza damu yako ni groupe gani kabla hujazaa. Mtoto akitoka, kila asubuhi mlete penye mwanga, umtazame weupe wa macho, umbonyeze pua na kifua. Manjano ikitokea siku ya kwanza, au ikishuka mpaka tumboni na miguuni, au akilala na kukataa ziwa, usingoje kitovu wala mtu. Na wakikusifia kwamba una mtoto mpole asiyelia, mwamshe anyonye.

Mama, mila ni yako na umetulea sote ndani yake. Sikuombi uiache. Naomba tu chumba cha Kahindo kiwe na dirisha wazi, na akisema anakwenda hospitali, usimzuie mlangoni.

Nisalimie Papa, usimsomee yote kwa mara moja. Nisalimie mjomba katekista, asiandikishe misa ya muujiza, aandikishe ya shukrani, mtoto yu hai. Nisalimie na yule shangazi yako muuza samaki wa chumvi, ambaye tulisema Paluku kafanana naye.

Barabara ikifunguka utakuja, najua. Ukifika usimwite Paluku ukiwa mbali, kama ulivyozoea kutuita sisi. Atakuwa amekupa mgongo na utadhani amekukataa. Zunguka, uje mbele yake, uiname, umpe uso. Ataanza kucheka yeye.

Mwanao,
Masika