Mstari Uliopita Juu ya Kaburi Lako

Baba,

Maua yamerudi. Najua hutapenda kusikia, lakini mimi ndiye uliyeniamini kukwambia ukweli, kwa hivyo nimekaa hapa mlangoni, mtoto amelala mgongoni, nakuandikia.

Si unakumbuka ulivyoyang'oa. Yalikuwa mpaka wetu na Mama Kathure, yale maua meupe ambayo mizizi yake ni kama vitunguu, ambayo wazee walipanda ili mtu asisogeze shamba. Mume wake alipokufa ukayahamisha mpaka kwa mti wake wa parachichi, ndani ya shamba lake. Hakwenda kwa chifu. Alisimama tu, akasema, "Mimi sina kesi na wewe, Baba Karimi. Kesi yako iko juu." Ukacheka. Ukasema Mungu ana kazi nyingi, hawezi kushuka mpaka Kibirichia kuchunga maua.

Mvua ikaja. Yale ya kwa parachichi yakakauka. Kwenye mstari wa zamani, katikati ya viazi vyetu, yakachipuka, yamenyooka kama yamevutiwa kamba. Ukachimba tena. Ukachoma kwa mafuta ya taa. Yakarudi. Pasta alipokuja ukamwambia, "Niombee mvua, mambo ya mpaka niachie." Akaangalia shamba kwa muda, akasema mtu anaweza kushinda kesi kwa chifu na hata kortini, lakini ile nyingine haina rufaa. Chai yake ikapoa.

Hata kitandani hukuacha. Ulinishika mkono ukaniambia tukuzike juu ya mstari ule, uukalie, kwa sababu shamba lenye kaburi halirudishwi. "Tuone nani atanihamisha." Nikakutii.

Vijana waliochimba walikuta kitunguu kimoja cha maua yale chini kabisa, pale udongo ni baridi na hakuna mzizi unaofika. Kilikuwa kibichi, na chipukizi lake limegeukia juu. Mmoja alikitupa mbali akaendelea kuchimba.

Zaidi ya mwaka mstari ulilala tu, lakini sasa mvua imenyesha. Juzi ukungu ulipoinuka niliuona mstari. Unaanzia barabarani, unapita kwa viazi, unapanda kaburi lako, unakukata kifuani, unashuka upande ule mwingine na kuendelea. Ndugu yangu Gitonga aliyakata maua yote kwa panga. Leo yamesimama tena, na yana maua. Anasema atamwaga simiti. Nikamuuliza, Gitonga, kwani unapigana na nani?

Lakini si hayo yaliyoninyima usingizi. Ni mtoto. Nilimpa jina lako. Ameanza kutembea, na jana nikipalilia alitembea mpaka kwa mstari, akasimama. Nilikuwa upande wa pili, nikamwita, nikamwonyesha ndizi. Hakuvuka. Hakulia. Aliangalia kaburi, halafu akaniangalia mimi, akatikisa kichwa polepole, vile ulikuwa ukitikisa ukiwa umechoka na maneno.

Hakukuona hata siku moja ukifanya hivyo, Baba. Alizaliwa ukiwa umeshazikwa.

Mimi siwezi. Wewe ulikuwa na nguvu, na ulishindwa. Mtoto wangu hatarithi kesi hii.

Hilo shamba uliniachia mimi, kwa hivyo leo nilienda kwa Mama Kathure, nikamwambia kipande ni chake mpaka pale maua yalipo. Najua ndipo viazi huzaa vizuri. Nitafanya vibarua. Halafu nikamuuliza, na kaburi? Nilijua anaweza kusema tukufukue. Alikuwa anachambua maharagwe, akayachambua mpaka sufuria ikajaa. Ndipo akasema, "Muache alale. Ni mgeni wangu sasa."

Kwa hivyo hakuna aliyekuhamisha. Uko pale pale ulipotaka, kichwa kwake, miguu kwetu.

Nitakupalilia, Baba. Upande wa miguu nitaingia tu. Upande wa kichwa nitapiga hodi kwa Mama Kathure kwanza, kila mara, na mtoto atajifunza kupiga hodi hiyo kabla hajajua kushika jembe. Hilo nakuahidi.

Nimekupenda, na sijaacha. Lakini asubuhi hii udongo wa kaburi umetifuliwa kandokando ya mstari, na Gitonga anaapa hakugusa.

Lala sasa. Usichimbe tena.

Karimi wako