Mwalimu Naye Ale

Chekecheani,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Hujambo huko uliko? Watoto wamezoea shule mpya? Sisi huku tu wazima. Mama anakula na kugombeza kama kawaida, basi ujue afya anayo.

Unamkumbuka Mwalimu Cheko, ninayefundisha naye? Mwaka huu alichoka hasa. Amenenepa, magoti yanamuuma, presha imepanda, kutwa yuko kitini na soda na biskuti. Si uvivu. Watoto wakila tunawalisha, wakilala tunapiga deki. Chakula chetu tungekula saa ngapi?

Siku moja uwanjani nikawakuta watoto wanaigiza darasa. Binti mmoja mwenye mwili amekaa kitini, mkono kiunoni, anahema na kujifanya anakunywa soda. Wenzake wameketi wakingoja zamu ya kuwa mwalimu. Hakuna aliyekimbia. Kumbe Cheko alikuwa nyuma yangu. Aliingia stoo akalia.

Wiki hiyohiyo kukaitishwa kikao, maana nesi aliyekuja kuwapima watoto alikuta wengi wamezidi uzito. Mwenyekiti wa kamati ya shule akataka tubandike picha za matunda ukutani, basi. Nikaona nikinyamaza nitakuwa nimemtupa mwenzangu. Nikasimama.

“Mwenyekiti,” nikamwambia, “mtoto hasomi ukuta, anamsoma mwalimu. Tupeni nafasi ya kula, na nesi atupime na sisi. Mengine tutawafundisha kwa miguu yetu.”

Akanung'unika kwamba shule si hospitali. Hapo mama wa yule binti akainuka, akasema yeye na wazazi wenzake watashika zamu za mchana, wapakue na kufagia, ili walimu wakae wale. Mwenyekiti akakohoa, akakubali.

Sasa tunakula meza moja na watoto. Mboga tulizokuwa tukiwabembeleza nazo, leo wanachungulia sahani zetu wakitaka zaidi. Cheko ameanzishiwa dawa. Unene haukuja kwa siku moja, wala hautaondoka kwa siku moja, lakini jana binti yule alimvuta mkono wakimbizane, naye akakimbia. Ninajua tutafika.

Nimekuandikia haya kwa sababu shemeji kaniambia unauguza wagonjwa zamu mbili kwa chai tupu. Mlezi akianguka, aliowabeba wanaangukia wapi? Kaa chini ule, mdogo wangu. Ni amri ya dada.

Msalimie shemeji na wapwa zangu. Mama anakuombea usiku na mchana, Mungu aitikie.

Nikupendaye bila kipimo,
Dada yako mkubwa