Nilimwandikia "Hapana" Mtu Aliyengoja Kuulizwa

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umri wako unaniruhusu, na kama hauniruhusu basi pokea salamu tu, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu ndiyo siku ambayo mkuu wetu anataka kuziona fomu, na kwa ajili ya fomu hizo nakuandikia nikiwa stoo ya nyumbani, juu ya gunia la mkaa, mahali pekee ambapo mke wangu hanifuati kwa kuogopa mende.

Mimi ni askari wa gereza, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kazi yangu ni mapokezi, yaani mtu akishushwa kwenye gari la mahakama mimi ndiye wa kwanza kumwona, naandika jina, napokea mkanda na kamba za viatu, kisha najaza fomu ya afya, na fomu hiyo ina upande wa nyuma ulioongezwa miaka miwili iliyopita, wenye maswali manane kuhusu akili: unalala, unakula, umewahi kutibiwa maradhi ya akili, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, umewahi kuwaza kujidhuru, na kadhalika, na kila swali lina kiboksi cha Ndiyo na kiboksi cha Hapana.

Mshauri, sijawahi kumwuliza mtu hata mmoja. Siku za mahakama wanashuka watu thelathini kwa mpigo, meza moja, kalamu moja iliyofungwa kwa uzi, na hata kama nafasi ingekuwepo mimi nilikuwa naona haya, utamwulizaje mwanamume mwenye ndevu zake kama anasikia sauti, mbele ya wenzake ishirini na tisa wanaotafuta kitu cha kucheka, basi nikawa naweka tiki kwenye Hapana mara nane na kugeuza karatasi, na siku nyingine wakati wa chai nilikuwa naziandaa hamsini kabisa, watu wakija wakute akili zao zimeshapona.

Nilijiambia sihitaji karatasi, mwenye matatizo ya akili nitamjua tangu langoni, na ushahidi wangu ulikuwa Balozi. Balozi ni mahabusu wa kesi ya kuuza kiwanja kisicho chake, na alipoingia tu akaanza kuipigia ndoo saluti kila asubuhi, akiiita Mheshimiwa, akiisomea taarifa ya hali ya bweni na kuiomba ruhusa kabla ya kunawa, nami mwenyewe nikaandika barua akahamishiwa chumba cha wagonjwa, chenye kitanda kimoja, dirisha na maziwa, na kwenye gwaride nikapongezwa kwa jicho langu kali.

Wiki hiyohiyo aliingia Fundi Cherehani. Wateja walimshtaki kwamba amepotea na vitambaa vyao, kumbe vitambaa vilikutwa dukani vimekunjwa vizuri, havijaguswa, yeye alikuwa amejifungia nyumbani mwezi mzima hafungui mlango wala hapokei simu, na mimi niliposikia habari hiyo nikasema ni mvivu, nikaweka tiki zangu nane. Ndani alikuwa kimya kama ukuta, chakula hakulalamikii kwa sababu hakuwa anakila, alikuwa anakigawa, kisha akaanza kugawa na vitu vyake, blanketi kwa jirani yake, ndala kwa mnyapara, yaani mfungwa anayewasimamia wenzake, na mimi akanipa chanuo, nami nina upara tangu nilipooa, lakini nilichukua kwa heshima, nikampendekeza awe mfungwa bora wa mwezi.

Ndipo akaletwa nesi mpya, mwanamke mfupi mwenye begi kubwa. Siku ya kwanza alienda kwa Balozi akamwuliza maswali yote manane, Balozi akajibu ndiyo yote manane, nesi akaongeza la tisa la kwake mwenyewe, akauliza kama magoti nayo yanasikia sauti, Balozi akafikiri sana, akasema la kushoto, hasa mvua ikikaribia. Nesi akaandika, akamshukuru, akaniuliza kama yuko mwingine wa kuangaliwa. Nikasema hakuna, na kwa kutaka kumfurahisha nikamweleza habari za Fundi kama mfano wa mtu mwenye akili timamu, mtulivu, mkarimu, anayetoa mpaka blanketi.

Nesi akaweka kalamu chini. "Ametoa vitu gani vingine?" Nikaanza kuhesabu, na sijafika kwenye chanuo yeye alikuwa ameshasimama.

Tulipofika bwenini akaniambia nikae mlangoni, wengine watoke. Akakaa sakafuni karibu na Fundi, hakuandika chochote, akamwuliza habari za usingizi, habari za chakula, kisha akamwuliza waziwazi, kwa sauti ileile ya kuuliza usingizi, "Fundi, umewahi kuwaza kujiua?" Mshauri, nilitamani ardhi inimeze, nilidhani neno kama hilo halisemwi, kwamba ukilisema ndiyo unampa mtu wazo. Fundi akalikunja pindo la shati lake, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ndiyo," akasema. Halafu akasema, "Siku ile ya kwanza nilikuwa nangoja kuulizwa. Niliona afande ana karatasi ya maswali."

Hakuniangalia, na afadhali angeniangalia.

Sasa Fundi yuko chumba cha wagonjwa, kuna mtu anakaa naye muda wote, daktari alikuja akamwanzishia dawa, na dada yake alipoitwa alisema kaka yake alishawahi kutibiwa, aliacha dawa kliniki ilipohamishwa mbali, na kwamba angetuambia tangu siku ya kwanza kama kuna mtu angemwuliza. Juzi amekula nusu sahani na kumwambia nesi pindo la sare yake limeshonwa upande. Balozi amerudishwa bwenini na hanisalimii.

Lakini nesi amemwomba mkuu fomu zote za miezi miwili iliyopita, na ziko mia mbili na kumi na nne, zote Hapana, tiki zote zimelala upande mmoja, na moja ni ya mtu aliyeachiwa huru kabla hajashuka kwenye gari, lakini fomu yake inasema analala vizuri. Jirani yangu anasema ninyamaze. Shemeji yangu, karani mzoefu, anasema nizimwagie chai. Mwenzangu wa zamu anasema nishikilie kwamba wote walijibu hivyo. Imebaki miaka sita nistaafu, chakula hakipiti, usingizi hauji, mke wangu sasa anahisi nina mwanamke mwingine. Nikiri au ninyamaze? Tafadhali usinitaje.

Ni mimi, Afande wa Mapokezi.

MSHAURI ANAJIBU

Afande, kwanza shuka kwenye hilo gunia. Mtu mzima haombi ushauri akiwa amejificha na mende.

Nakuhurumia, na sikuhurumii. Nakuhurumia kwa sababu watu thelathini kwa meza moja ni mzigo, na aliyekuletea maswali manane bila kukufundisha kuuliza hata moja alikuonea. Sikuhurumii kwa sababu ulikuwa na miaka miwili ya kusema "sijui kazi hii, nisaidieni", badala yake ukawa daktari wa kuponya watu hamsini kwa kikombe kimoja cha chai.

Jicho lako kali lilimwona anayepiga kelele, likampita anayekufa taratibu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, wewe ukakipendekezea zawadi. Mtu aliyeacha kula, anayegawa vitu vyake kama msafiri asiyetarajia kurudi, anaaga. Na ondoa hofu ya kumpa mtu wazo. Wazo alikuwa nalo tangu nyumbani. Swali lilimpa mtu wa kusaidiana naye kulibeba.

Na huyo Balozi, mmemrudisha bwenini mkicheka? Sawa, goti linalosikia mvua nami limenichekesha mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Lakini mtu mwenye akili ya kuuza kiwanja cha wenyewe, mbona aifanyie ndoo kazi ya ubalozi wiki nzima ili tu asilale bwenini? Huenda ni maziwa. Huenda ni mtu fulani humo ndani anayemtisha. Nenda umwulize pembeni, na ukirudi mwambie nesi alichosema.

Sasa swali lako. Kiri, na usingoje Jumatatu. Kesho asubuhi nenda kwa nesi, kisha nendeni wote kwa mkuu. Sema maneno machache: nilijaza bila kuuliza, zote. Usitaje foleni mpaka uulizwe. Utafokewa, na huenda ukaadhibiwa. Pokea. Fomu za uongo hazikuharibii jina tu, maana ukimtoa Fundi na yule aliyeachiwa, watu mia mbili na kumi na wawili waliobaki kila mmoja ana karatasi inayomwambia daktari asihangaike naye. Kila siku unayonyamaza, karatasi hiyo inaendelea kusema.

Usiende na majuto peke yake, nenda na maombi. Omba kona yenye pazia, nesi awe karibu siku za mahakama, na ndugu wa mahabusu waulizwe kuhusu dawa wanapokuja kumwona. Omba uruhusiwe kuwauliza upya wote waliomo, na waanze wale wasiomsumbua mtu. Nanyi wasomaji wenye ndugu ndani, msingoje kuulizwa: siku ya kwanza nendeni na kadi ya kliniki, semeni anatumia nini.

Shemeji yako mwambie chai ni ya kunywa. Mkeo mweleze yote leo, atafurahi mno kusikia ni fomu. Na wewe usiyelala wala kula, mwombe nesi akuulize wewe pia hayo maswali manane, ujibu ukweli. Fundi usimkimbilie kumwomba radhi ili upate usingizi. Mwulize nesi wakati unaofaa, na siku hiyo sema kosa lako, usimdai msamaha.

Kisha rudi mapokezi ukafanye kazi. Anza na usingizi, nenda kwenye chakula, uliza kwa sauti ya kawaida. Ukifika kwenye swali zito, liulize kama lilivyo, halafu nyamaza. Usikohoe, usitazame saa, usimsaidie kujibu. Wa nyuma yake kwenye foleni watangoja.