Ulimi namba nne

Lynette, nimeaibika matangani huku Malava. Mbele ya watu wote!

Si unajua bado najifunza klarineti ya besi? Mwalimu Wanzala aliniambia ninunue ulimi wa mwanzi wa kufunga pale mdomo unapopulizia, namba mbili, ule laini. Mimi nikachagua nne, ule mgumu, nikidhani ndio wa wale wanaojua.

Nikaanza wimbo wa kumuaga mzee. Hewa tupu! Ulimi ulikataa kutetemeka. Nikapuliza tena. Hewa tupu!

Mwalimu akaninong'oneza, "Gentrix, umeweka namba gani?"

"Nne."

Akafumba macho.

Nikataka kuketi, lakini mjane akanishika mkono. "Endelea, mtoto wangu. Mzee alikuwa anapumuanga hivyo wiki ya mwisho."

Sasa ningefanya nini? Nilipuliza hiyo hewa mpaka wakamaliza kufukia kaburi, huku machozi yananitiririka.